Kaburi Katika Sura ya Mwisho

Watu wa chama chetu cha riwaya hapa Migori wana ugonjwa mmoja: hawakubali hadithi iishe mlango ukiwa wazi. Mhusika akipotea katika sura ya tatu, sharti apatikane kabla kitabu hakijafungwa, awe hai au maiti. Tuko wakulima, walimu, wauza dawa kama mimi, na hata Zadock mwuza mitumba, ambaye riwaya zake zote ni za polisi na majambazi, lakini kwa hilo wote lao moja. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mimi hutoka Awendo, ninakofanya kazi katika duka la dawa, nikaketi nao kwenye darasa la kanisa nyuma ya soko. Mmoja anasoma sura yake, wengine wanaichanachana. Mwandishi haruhusiwi kujitetea mpaka kila mtu amalize. Nilipokuwa mgeni niliwachukia kwa sheria hiyo, na hata sasa siipendi.

Sura zangu walizipenda. Riwaya yangu ilimhusu kijana mvuvi, Joash, aliyetoka usiku kuvua omena asirudi. Mashua ilipatikana, wenzake wawili wakaopolewa wakiwa maiti, yeye hakuonekana. Mama yake akakataa katakata kusema kwamba amekufa. Niliandika vizuri, nasema mwenyewe, sina haja ya kungoja nisifiwe. Tatizo lilikuwa mwisho. Kila mara nilimwacha yule mama amesimama ufuoni akitazama maji, na kila nilipomaliza kusoma Zadock aliguna.

"Dolphine, sista yangu, unatuchezea," alisema siku moja. "Huyo boy alienda wapi? Mtu amesoma kitabu yako yote, halafu unamwachia maji ya kuangalia?"

Milka, mwenyekiti wetu, alikuwa mpole kuliko Zadock lakini alikuwa upande wake. Ni Mkuria wa Kehancha, mwalimu mstaafu, na ana sauti ambayo bado inaweza kunyamazisha darasa zima la watoto. "Huko kwenu Uluoni," aliniuliza, "mtu asipopatikana ziwani, mnafanya nini? Mnakaa tu?"

Hapo ningenyamaza, yangekwisha. Lakini mdomo wangu haujui kupumzika. Nikawaeleza kwamba mwili ukikosekana, ukoo hukata tunda la yago, lile refu, zito, lisiloliwa, wakalilaza ndani ya jeneza na kulizika kama ambavyo wangemzika mwenyewe. Maombi, udongo, vilio, vyote hufanyika. Baada ya hapo matanga yana mwisho, na watu wa boma wanaweza kula na kulala. Zadock akapiga meza kwa kiganja.

"Hiyo ndio mwisho ya kitabu," alisema. "Umekuwa nayo siku hizi zote na unatunyima?"

Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba Joash ni ndugu yangu Levis. Niliwaambia nimebuni, na nilisema hivyo bila kupepesa macho. Ukweli ni kwamba Levis alichukuliwa na ziwa mwaka ambao nilikuwa nimemaliza chuo, karibu na kwetu, upande huu wa Homa Bay, na Mama hajamzika mpaka leo. Wazee walimjia mara mbili na habari ya yago. Mara ya pili aliwatoa bomani akiwa na mwiko wa ugali mkononi.

Si kwamba Mama ni mkaidi wa bure. Desturi yenyewe ina makali yake. Ukimzika mtu kwa yago kisha akatokea akiwa hai, hawezi kuingia kwao hivi hivi. Kwa ukoo yeye ni marehemu, na lango la boma limefungwa kwake. Sasa, mchuuzi mmoja wa samaki alimwambia Mama kwamba alimwona kijana anayefanana na Levis visiwani, upande wa Uganda. Maneno ya mpita njia, labda alitaka tu kumfurahisha, lakini Mama ameishi kwayo. Kila mvua zikiisha huikandika upya simba ya Levis, ile nyumba ndogo ambayo kijana hujengewa bomani kwao, akaifagia na kutandika kitanda. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani naiona ile nyumba safi isiyo na mtu, nauma meno, nasalimia, nanywa chai. Nilikuwa nimechoka. Nilimlilia ndugu yangu chooni kazini, kwa sababu nyumbani ilikuwa marufuku.

Kwa hiyo nilimzika kwenye karatasi. Niliandika sura ya mwisho, jeneza, yago, na mama akidondosha udongo kwa mkono wake wa kulia. Nilipoimaliza nililia mpaka kifua kikauma, kisha nikalala kama mtu. Chama kiliisikiliza sura hiyo bila mtu kukohoa. Mchapishaji wa Kisumu akaikubali, akasema kitabu kitatoka Desemba. Mama nilikuwa nimemwambia kwamba naandika juu ya wakulima wa miwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini nilidhani Desemba iko mbali.

Kila mwaka chama chetu na wenzetu wa Homa Bay hukutana kwa siku moja ya kusomeana, mwaka mmoja kwetu, mwaka unaofuata kwao. Safari hii ilikuwa zamu ya Homa Bay, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma. Mkutano huo una desturi ambayo wote tunajivunia. Aliyemlea mwandishi hutafutwa, huletwa, huketishwa mbele kabisa, na swali la kwanza ni lake. Mwandishi hawezi kulikwepa. Aghalabu mlezi huuliza kama vitabu vinaleta unga nyumbani, ukumbi unacheka, na mambo yanaendelea. Mimi nilikuwa nimesema Mama anaumwa miguu na hawezi kusafiri. Ilikuwa ni uongo mtupu. Mama hutembea mpaka sokoni na karai la samaki kichwani.

Milka aliona vibaya nikose mtu kitini. Bila kuniambia neno, aliulizia kwetu ufuoni, akakodi gari, akaenda kumchukua. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha la ukumbi, karatasi zangu mkononi, nilipomwona Mama akiingia na gauni lake la Pasaka, ameshikwa mkono na Milka, wote wawili wanatabasamu. Watu wakapiga makofi.

Nilimvuta Milka mpaka kwenye veranda. "Mwalimu, nitasoma sura ya kwanza."

"Ya kwanza haina kitu. Watu wamekuja kusikia ya mwisho, na ndiyo iko kwa programu." Kisha akanitazama vizuri. "Dolphine, kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Sikuremba. Nilimwona akitafuta ukuta kwa mkono.

"Aliniambia ako na watoto wawili," alisema polepole. "Kwamba wewe uko Awendo na kijana anafanya kazi visiwani. Nikasema asante Mungu, mama amebarikiwa. Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Hukujua."

"Nitawaambia umeshikwa na malaria. Nitamrudisha nyumbani sasa hivi. Haki ya Mungu, nitafanya hivyo."

Nilifikiri, na sitaki mtu aseme sikufikiri. Nikikimbia leo, Desemba haikimbii. Kitabu kitafika Homa Bay, jirani atakinunua, na Mama atasomewa mazishi ya mwanawe na mtu mwingine, kando ya barabara, pengine na mtu anayecheka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini niliona afadhali aumizwe na sauti anayoijua. Nikapiga moyo konde, nikamwambia Milka anitangaze.

Nilisoma. Mwanzoni mwa sura kuna mashemeji wanaogombania nani atapanda mtini kukata yago, na watu walicheka, hata Mama alicheka kidogo kwa sababu mmoja wa mashemeji hao ni mjomba wetu mtupu. Kisha tunda likakatwa. Likafungwa shuka. Nikaona kicheko kikimtoka Mama usoni, si kwa ghafla. Alikuwa anapima kila neno ninalotamka. Niliposoma jinsi walivyolilaza kwenye jeneza na kuweka shati la kijana juu yake, shati la bluu lenye kola iliyochakaa, alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Shati hilo sikuwa nimelibuni. Nilipofika mwisho hakuna aliyepiga makofi. Wale watu wa ufuoni walikuwa wametazama chini. Hakuna familia pale ambayo ziwa halijawahi kuidai.

Milka alisimama. Ile sauti yake ya darasani ilikuwa imekwisha. "Swali la kwanza," alisema, "kama Mama atapenda. Si lazima."

Mama alisimama. Aliletewa kipaza sauti akakisukuma kando.

"Mimi naitwa Min Levis," alisema. Yaani mama yake Levis. Hajawahi kujiita mama yangu mbele ya wageni, na sijawahi kumlaumu, maana Levis ndiye kifungua mimba. "Swahili yangu ni ya soko, mtanisamehe. Huyu kijana ya kitabu najua yeye. Nilimzaa."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

"Akoth," aliniita kwa jina la nyumbani, "sigombani na wewe mbele ya watu. Niko na swali moja. Umemzika ndugu yako hapa, na hawa wote wamesikia. Kesho akirudi, atapita lango gani?"

Jibu lilikuwepo. Kila mwandishi analo mfukoni: kwamba hii ni hadithi ya kubuni tu, kwamba Joash si Levis, kwamba riwaya haizuii mtu kuingia kwao. Ningelisema, watu wangepumua, Milka angeshukuru, na Mama angerudi nyumbani kufagia simba. Nilimpenda sana wakati ule, na nilitamani sana kumdanganya.

"Hatarudi, Mama."

Katika boma letu neno hilo halikuwa limewahi kutamkwa, si na mimi, si na jirani, si na mchungaji. Nililisikia likitoka na nikajua siwezi kulirudisha.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Levis alikufa na wenzake. Alikufa usiku ule ule. Mimi najua, na wewe unajua, Mama."

Mama alinitazama. Kisha akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akakisogeza kiti nyuma. Akainama, goti moja, la pili, akaketi kwenye sakafu ya saruji na gauni lake la Pasaka, akanyoosha miguu yote miwili mbele yake.

"Ameanguka?" Milka alininong'oneza huku akikimbilia kumwinua. "Mleteeni maji."

"Mwache, madam," Zadock alisema. Alikuwa amevua kofia. "Hajaanguka. Ameketi matanga."

Mwanamke mmoja wa safu ya pili, ambaye sijui jina lake, aliondoka kitini akaketi sakafuni nyuma ya Mama. Akafuata mwingine, na wengine, mpaka viti vya mbele vikabaki vitupu. Nikashuka jukwaani na karatasi zangu. Nikaketi kando ya Mama, bega kwa bega, nami nikanyoosha miguu. Alinusa harufu ya duka la dawa kwenye nguo zangu, au labda alikuwa anatafuta pumzi tu. Hakunigusa.

"Soma tena, nyathina," alisema. Mwanangu. "Hapo kwa kuzika. Na usiseme Joash."

Nikaanza pale wanapofungua jeneza. Nilisoma polepole, kwa sababu macho yangu hayakuwa yanaona vizuri, na nilipofika mahali pa jina nikasema Levis. Ndipo Mama akapiga nduru.