Nati ya Nne

Fundi mmoja wa magari wenzake walimwita Shemasi, na wala kanisani hakuwa na cheo chochote. Jina alipewa pale gereji, kwa sababu ya tabia moja: hakazi nati bila kuomba. Gurudumu lina nati tano, na kwake kila nati ina mtu wake. Ya kwanza mama yake, ya pili mke wake, ya tatu dada yake, ya nne mdogo wake wa mwisho, ya tano mwenye gari. Spana ikizunguka, mdomo nao unakwenda. Walimcheka mpaka wakachoka, ila gurudumu alilofunga Shemasi halijawahi kurudi limelegea.

Sasa mdogo wake huyo alikufa.

Alipougua, nyumba nzima walifunga siku tatu, wakakesha wakimwombea. Shemasi mwenyewe alishika mkono wa yule kijana kitandani akamwambia, "Utapona. Mungu ameshasema." Wiki haikuisha, wakamzika. Hilo ndilo lililomkaa kooni. Si kifo tu. Ni kwamba alimdanganya mtoto wa mama yake, tena kwa jina la Mungu. Tangu hapo akifika nati ya nne anaikaza kimya, meno yameumana, kama mtu aliyemnunia mwenzake chumba cha pili.

Jumamosi moja asubuhi akaletewa gari la kwaya ya kina mama, gurudumu la mbele linanguruma. Wanaimba harusini, mji wa pili, na barabara yenyewe ni mteremko mtupu. Mama yake alikuwa mmoja wao. Shemasi akabadilisha beringi, akarudisha gurudumu, akazipachika nati zote kwa vidole, akaanza kukaza. Mama. Mke. Dada. Pale pale, kina mama waliokuwa wamekaa benchini wakaanza kujipasha sauti, na wimbo waliouchagua ni ule ule walioimba makaburini siku ya kumzika mdogo wake.

Akaweka spana chini. Akaenda bombani, akaingiza kichwa chote kwenye maji.

Aliporudi, gari halipo. Dereva aliona gurudumu limekaa vizuri, akashusha jeki, akapakia watu wake, akaondoka.

"Mbona umeloa kama kuku?" akauliza mwenzake, mpaka rangi wa gereji, mtu wa utani saa zote.

Shemasi alikuwa anaitazama spana. "Ya nne niliikaza?"

"Ya nne ipi?"

"Nati. Na ya tano." Akajaribu kukumbuka kwa mikono, maana kichwa kilikuwa hakina kitu. Mikono nayo haikukumbuka. "Sikukaza. Washa pikipiki."

Akapiga simu ya dereva. Inaita, haipokelewi. Ya mama yake imezimwa. Mama yule huiwasha akitaka kupiga yeye tu. Wakatoka gereji mbio, Shemasi nyuma, spana kaikumbatia.

"Si uombe basi," mpaka rangi akapiga kelele kwenye upepo. "Kazi yako si hiyo?"

"Endesha."

Aliomba, lakini halikutoka lolote la maana. Kila neno alilolishika lilikuwa lile lile alilomwambia mdogo wake. Mwisho akasema alichokuwa nacho, bila adabu yoyote: "Sikuelewi. Nimekukasirikia, na sijui kama upo hapo. Lakini mama yumo mle ndani, na mtu mwingine wa kumwambia sina."

Akarudia hivyo hivyo, mara ya pili, mara ya kumi.

Gari waliliona mteremko ulipoanza. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza, kidogo tu, ila fundi anaona. Mpaka rangi akapiga honi, Shemasi akapunga mikono yote miwili. Kina mama wakampungia na wao, wakaongeza sauti. Dereva akadhani anashindanishwa, akakanyaga mafuta.

"Huyu ana akili kweli?" mpaka rangi akasema, akapita pembeni, akakata mbele yake. Breki zikalia. Gari likasimama upande upande.

Dereva akashuka na matusi yake. Shemasi alishachuchumaa kwenye gurudumu. Nati ya tano haipo. Ya nne inazunguka kwa kidole. Ya tatu imeanza kulegea.

"Wewe fundi gani?" dereva akasema, safari hii taratibu, maana ameona.

Mama yake naye akashuka. "Kuna nini, mwanangu?"

Angeweza kusema nati ilikuwa mbovu. "Sikumaliza kukaza, mama. Nilifika kwenye ya mdogo wangu nikashindwa. Nimwombee nini, na yeye hayupo? Nilimwambia atapona. Sijui hata kama kuna anayenisikia."

Mama yake akainama, mkono mmoja begani kwa mwanawe, mwingine kwenye gari.

"Na mimi kuna siku sijui," akasema. "Jana sikujua kutwa nzima. Leo nimeamka, nikavaa sare ya kwaya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaza, baba. Mtaje. Kufa si kufutwa jina."

Dereva akafungua nati moja ya gurudumu la nyuma, akampa. Shemasi akaikaza ya tatu upya. Akaweka spana kwenye ya nne. Mkono ukagoma. Akasubiri, jasho linamchuruzika puani, magari yanapita yanawapigia honi. Kisha akalitaja jina la mdogo wake, sauti ikakatika katikati. Akalitaja tena, lote, akaegemea spana kwa uzito wake wote mpaka nati ikalia.

"Endelea," mama yake akasema. "Watu wanatusubiri."

Akakaza ya tano. Halafu akarudi ya kwanza, akaanza upya.