Sweta Mlimani

Jua lilikuwa linachoma kama pasi, na mimi nimevaa sweta la vifungo. "Mama, utazimia," binti yangu aliniambia tulipoanza kupanda. Nikamjibu kwamba nina baridi ya mifupa. Uongo mtupu, ila uzee nao una raha yake: ukisingizia mifupa, hakuna anayebisha.

Safari ilikuwa wazo lake. Harusi inakaribia, akataka mimi na mama wa mchumba wake tuzoeane, na mchumba mwenyewe akajitolea kubeba maji. Mlima umejaa sanamu kubwa kandokando ya njia: samaki wa chuma, kiti ambacho hata tembo angekikalia miguu ikaning'inia. Vijana walipiga picha kila mahali. Mimi nilikuwa nawaza ya kileleni tu.

Kileleni yuko mwanamke wa jiwe, na mwanamke huyo ni mimi.

Nilikuwa msichana wa kufagia karakana ya mchongaji, kabla sijamjua baba yake binti yangu. Siku moja mchongaji akaniomba nisimame, kifua wazi, mkono wa kushoto kiunoni. Nikasimama, na kesho yake tena, mpaka kazi ikaisha. Sikulazimishwa. Nilipenda kutazamwa vile, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko kifua chenyewe. Mkono huo ulivunjika kiwiko utotoni ukaungika vibaya, kiwiko kikabaki kimechomoza upande. Yeye aliuchonga vilevile. Uso ningeweza kuukana. Kiwiko je?

Huyo mama wa mchumba, mkwe wangu mtarajiwa, ni fundi cherehani. Juzijuzi alinipima gauni la harusi, na mkono wa kushoto wa gauni akaufumua mara mbili kwa sababu ya kiwiko hicho. Kwa hiyo ndiye niliyemwogopa. Akijua, ataniona mtu wa ovyo, na binti yangu ataingia nyumba ile kichwa chini.

Tukafika. "Jamani!" binti yangu akaangua kicheko. "Huyu mama hakuwa na haya? Au kwao nguo zilikuwa hazijafika?" Nami nikacheka. Nilicheka kuliko wote, Mungu anisamehe, nikamcheka yule msichana aliyesimama pale bila kumkosea mtu.

Mkwe hakucheka. Alikuwa ameinua uso, anakitazama kile kiwiko cha jiwe kama anayekagua mshono. Nikauvuta mkono wa sweta mpaka vidoleni.

"Mama, simama hapo chini yake nikupige picha," binti yangu akasema. "Na hilo sweta vua bwana, unaonekana kama mgonjwa."

"Niache, mwanangu."

"Moja tu, mama. Ya ukumbusho."

Ningezidi kukataa wangeuliza kulikoni. Nikavua, nikaliweka sweta chini. Sikufikiria mkono niuweke wapi. Ukaenda wenyewe kiunoni, ulikozoea.

Binti yangu akainua simu akitabasamu. Tabasamu likamganda. Akanitazama, akatazama juu, akarudi kwenye simu.

Mkwe akanisogelea, akaliokota sweta langu. "Mkono huu nimeufumua mara mbili," akaninong'oneza, "ningeusahau vipi? Kumbe ulikuwa umeumbika hivi, mwenzangu! Na ulikuwa unaninyima tu habari tamu hivi!" Akacheka kwa upole, akanishika bega. Nikajikuta nacheka naye. Kisha akapaza sauti: "Mwanangu, hiyo picha nitumie. Naibandika ukutani, juu ya cherehani."

"Haijatoka," binti yangu akasema. "Jua kali."

Lakini nilikuwa nimekiona kidole gumba chake kikiifuta.

Akaja, akalichukua sweta mikononi mwa mkwe, akanivisha mwenyewe, kama mtoto anayepelekwa shule. Akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, bila kunitazama usoni.

"Twende, mama," akasema. "Una baridi."