Mshai Hakumchoma Dereva

Filamu yote niliivumilia mpaka Mshai alipotema moto.

Wacha nieleze vizuri, maana tangu siku ile watu wananisimamisha njiani, Voi na Mwatate, kuniuliza kama filamu imefuata kitabu. Kitabu hicho cha katuni ni changu. Mimi Rita ndiye niliyemchora Mshai, shujaa wa Wusi, kijiji chetu, kwa mkono wangu huu, kwenye meza ya jikoni kwa mama. Kwa hivyo nikisema, nasema kama mwenye mali.

Yale madogo sina ugomvi nayo. Mshai wangu ni mama wa makamo, mnene kiasi, anavaa leso na sweta kwa sababu kwetu milimani kuna baridi. Kwenye filamu ni msichana mwembamba aliyebanwa na ngozi nyeusi kutoka shingoni hadi miguuni, hata sijui anapumua vipi. Sawa. Kitabu ni kitabu na filamu ni filamu. Wamemtoa shambani wakampeleka kwenye jiji la vioo. Sawa pia. Wamempa mchumba. Huyo mchumba ametoka wapi mimi sijui, lakini nikasema potelea mbali, vijana wanapenda mapenzi.

Lakini kuna kitu nilimwambia dairekta asikiguse, na hicho ndicho alichokivuruga.

Kaka yangu Nicholas aligongwa na lori la mchanga kwenye barabara ya Mwatate. Dereva alikuwa Bernard, jirani yetu, ambaye shamba lake na letu yametenganishwa na mfereji tu. Hakuwa amelewa wala hakukimbia. Breki zilimkatalia, na ni yeye mwenyewe aliyembeba Nicholas hadi hospitalini, alikofia. Mama hakutaka kusikia hayo. Alikaa na hasira mpaka ikamlaza kitandani, chakula hakipiti, usingizi hauji. Halafu asubuhi moja akaamka, akaoga, akaenda kwa Bernard, nami nikamfuata nyuma.

Pale uani, mbele ya watu wa nyumba zote mbili, akafanya kile ambacho sisi Wadawida wa Taita tunakiita kutasa. Alisema yote yaliyokuwa moyoni, hakumfichia Bernard hata neno. Kisha akachukua pombe ya miwa mdomoni, akaipuliza kama manyunyu, akatamka kwamba hasira yake imetoka na nyumba ile ikae kwa amani. Kanisani wengine walinung'unika ati hayo ni mambo ya kale. Mama aliwaambia wabaki na manung'uniko yao. Siku hiyo alikula kwa Bernard, akamaliza sahani kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Na kutasa kuna sharti lake. Huwezi kudanganya. Ukipuliza na hasira ingali ndani, ile hasira itamdhuru mtu, na huenda asiwe yule uliyemkasirikia. Ndiyo maana mama alichukua muda mrefu vile.

Nilikuwa bado shule ya upili, na sijawahi kuona nguvu kubwa kuliko ile. Wenzangu walipenda mashujaa wanaoruka na kuvunja majumba. Mimi nilikuwa nimemwona mwanamke akikaa meza moja na mtu aliyemuulia mwanawe, akamwomba amsogezee chumvi. Mshai alizaliwa pale. Kwenye kitabu changu hampigi mtu. Akipuliza maji, watu wanaachilia ugomvi, lakini kwanza lazima atoe wa kwake, na hiyo ndiyo kazi inayomtoa jasho kurasa zote. Ukurasa wa mwisho yeye na dereva aliyemuulia mwanawe wanakula pamoja.

Hayo yote nilimweleza dairekta, Kimeu, alipopanda Wusi kutoka Nairobi. Alikula kimanga cha mama, mihogo na maharage vilivyopondwa, akaomba kuongezwa. Alimpiga picha kila mtu, hata Bernard aliyekuwa akipita na kofia yake ya marvin ya rangi ya damu ya mzee, ile asiyoivua hata jua likiwaka. Nikamwambia Kimeu abadilishe atakacho, ila namna Mshai anavyopuliza, na ukurasa wa mwisho, aache kama vilivyo. Akaweka mkono kifuani akaapa. Kumbe ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku ya kuionyesha filamu Voi, mama aliteremka kutoka Wusi pamoja na Bernard. Bernard hakutaka kuja. Mama ndiye aliyemshika mkono, akamwambia aje aone walivyosameheana, dunia nzima itaona. Wakaketi safu ya tatu, mimi nikiwa mbele na wakubwa.

Sasa sikia walichofanya. Kwenye filamu, hasira ndiyo nguvu ya Mshai. Ati anavyozidi kukasirika ndivyo anavyozidi kuwa shujaa! Mtu amesoma kitabu kizima kuhusu mwanamke anayehangaika kuitoa hasira, akafunga kitabu, akatengeneza filamu ya mwanamke anayeilisha. Hata angekisoma kichwa chini miguu juu asingekosea hivyo. Halafu akaja dereva. Mlevi, anacheka, anamwacha mtoto barabarani na kukanyaga mafuta. Na kichwani ana marvin ya rangi ya damu ya mzee, imevutwa mpaka masikioni.

Mshai akajaza maji mdomoni, akatema, maji yakageuka moto. Vijana wakasimama kwenye viti wakiimba achomwe, achomwe. Dereva akaungua polepole, mayowe yake yakijaza ukumbi. Na hapa nitasema ukweli, maana ndio unaonikera kuliko yote. Kwa muda mfupi sana nilifurahi. Nilimwona akiungua nikasema moyoni, naam.

Nilipogeuka, Bernard alikuwa ameivua marvin. Alikuwa ameificha chini ya koti, na mama amekaa wima karibu naye.

Taa zikawashwa, na Kimeu, hana haya wala hana vibaya, akaniita jukwaani. Akanikumbatia. Akanipa chupa ya maji na kipaza sauti, akaniomba niwaambie watu wa Taita kama filamu imekitendea kitabu haki, kisha nipulize maji kama Mshai ili wapiga picha wapate kitu. Ukumbi ukaanza kuimba niteme. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kumuumbua Kimeu mbele ya watu, nilitaka hivyo tu, na sikufikiria jambo lingine lolote.

"Filamu hii ni uongo," nikasema. "Kwenye kitabu dereva hafi. Dereva ni mtu wa kweli. Hakuwa mlevi, hakukimbia, na mama yangu alimsamehe. Anaitwa Bernard, yule pale safu ya tatu."

Nilidhani watapiga makofi. Vichwa vyote viligeuka. Voi hawakuwa wakimjua Bernard, Wusi ndiko walikomjua, na Wusi walikuwa wameyamaliza. Simu zikainuliwa. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama ndiye yule muuaji, mwingine akapiga mluzi, na ule wimbo wa kuchoma ukaanza tena, wengine wakicheka. Bernard akashika kiti cha mbele akijaribu kusimama. Mama akamwinua kwa kwapa, wakatoka pamoja kwenye ule ujia wa katikati, simu zikiwamulika mpaka mlangoni.

Niliangusha kipaza sauti nikawafuata, na ile chupa bado mkononi.

Niliwakuta kando ya ukumbi, penye kivuli cha ukuta. Nikaanza kusema Kimeu hivi, Kimeu vile, nitamshtaki, nitamwanika. Mama aliniacha nikaishiwa na pumzi.

"Kimeu amemchoma mtu wa kuigiza," akasema. "Wewe umemchoma Bernard."

Nikataka kujitetea, lakini Bernard aliinua mkono. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alikuwa akiikunjakunja marvin yake kama anaikamua maji.

"Rita, siku ile alipuliza mama yako," akasema. "Mimi nilidhani amepuliza kwa niaba yenu wote. Leo ulipogeuka, yule dereva akiungua, nilikutazama. Niliona uso wako."

 Miaka yote nimekuwa nikimchora Mshai akiwa na sura ya mama, nikisifiwa redioni kwa kitabu cha msamaha, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kama nimesamehe. Nikajikuta nasema. Nilimwambia Bernard kwamba kila nikisikia lori lake likipanda mlima natamani liporomoke. Nilimwambia nachukia anavyocheka. Nilimwambia Nicholas angekuwa na watoto sasa. Alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka, na mama hakunizuia.

Nilipomaliza, mama alifungua kizibo cha ile chupa akanirudishia.

"Ikitoka, puliza," akasema. "Isipotoka, usinidanganye."

Nikajaza maji mdomoni. Nikamtazama Bernard, mzee mwenye mvi ambazo sijawahi kuziona kwa sababu ya ile kofia, na nikahisi kitu kifuani kikianza kulegea kidogo. Kidogo sana, lakini nilikihisi. Ningepata dakika moja tu zaidi. Bernard naye alikuwa amefumba macho, uso umeinuliwa, anangoja yale manyunyu.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Kimeu akatoka na mpiga picha wake, akatuona tulivyosimama, akapiga makofi kwa furaha. Akasema tusisogee, hapo hapo panapendeza, na mzee aivae ile marvin yake.

Hasira ikanirudi yote, nikayameza maji. Bernard alifumbua macho akaniona nikimeza.