Mawingu ya Barafu ya Nailantei

Nailantei alipopata jibu alilolitafuta kwa miaka, hakusikia furaha yoyote. Aliitazama ramani nyekundu kwenye kompyuta, katika chumba chake cha kupanga Kitengela, kisha akaenda kuosha vikombe.

Kazi yake ilikuwa mawingu. Upepo ukigonga mlima hupanda, na huko juu kabisa hewa inayoyumba hutengeneza mawingu membamba ya barafu. Hayadondoshi hata tone la mvua, ila usiku huzuia joto la ardhi lisitoroke, kama blanketi. Kompyuta za hali ya hewa hazikuyaona, maana ndani yake dunia imekatwa vipande vikubwa mno, na Milima ya Ngong yote ilikuwa imesukumwa ikawa bapa kama chapati. Nailantei aliirudisha milima ndani ya kompyuta, mawingu yakaja, joto likapanda, ramani ikawa nyekundu. Wenzake wakampigia kumpongeza. Alimshukuru kila mmoja, na kifua kikabaki na ganzi ile ile.

Ganzi hiyo ilianza mwaka uliotangulia, siku baba yake, mzee Simel, alipopiga simu kutoka Kajiado. Ukame ulikuwa unabisha hodi, na wazee wenzake walikuwa wanahamisha mifugo kuelekea malisho ya Milima ya Chyulu.

"Hiyo kompyuta yako inasemaje?" mzee aliuliza. "Nihame ama ningoje?"

Hebu fikiria. Mzee ambaye hajawahi kumuuliza mwanamke habari ya ng'ombe, hata mkewe, anamuuliza binti yake! Nailantei akavimba kichwa. Akamwambia kwamba kwa mujibu wa kompyuta, mvua ya upande huu inaongezeka. Hakusema uongo. Ila kompyuta ilikuwa inazungumzia miaka hamsini ijayo, na ng'ombe anakula leo. Mzee akangoja, mvua haikuja. Ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine, wakabaki wa kuhesabika.

Sasa nyasi zilikuwa zinakauka tena. Jumamosi Nailantei akaenda Kajiado, akainamisha kichwa mbele ya baba yake, naye akamgusa utosini kama ilivyo desturi ya salamu. Mzee hakuwa amemlaumu hata siku moja, na afadhali angemlaumu. Mama akaleta chai. Mzee akanywa kidogo, akasogeza kiti karibu na binti yake.

"Mama yako ananiambia umeongeza mawingu kwa ile kompyuta. Sasa iko sawa. Mwaka huu inasemaje? Nihame?"

Nailantei aliweka kikombe chini. "Hama, baba. Fuata wenzako. Kompyuta yangu haijui mambo ya mwaka huu. Hata ya mwaka jana haikuyajua."

"Na wewe ulijua haijui?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifurahi vile uliniuliza."

Mzee akainuka, akamwita Koinet, kaka yake Nailantei ambaye hata shule hakumaliza, wakasimama kando ya zizi wakizungumza habari ya ng'ombe. Nailantei alibaki na mama yake, na chai.