Diski ya Kaka

Fundi mmoja wa kompyuta, watu wa mtaani walimwita Mganga, ingawa alikuwa mwanamke mpole asiyejua hata hirizi inafungwaje. Jina lilitokana na programu aliyoitunga mwenyewe. Kompyuta ikigoma kufunguka, alichomeka flashi yake, akaenda zake kunywa chai. Akirudi, ugonjwa umeshaandikwa kwenye kioo.

"Mganga gani huyu," wateja walimtania, "hata ramli anapigiwa na mashine!"

Wifi yake, mjane wa kaka yake, alileta kompyuta ya marehemu.

"Wifi, humu mna sauti yake. Alikuwa akimrekodia mtoto hadithi za kulalia, na mtoto anaziulizia kila siku."

Duka lilikuwa limejaa. Mganga akachomeka flashi. Jibu likaja: DISKI IMEKUFA.

"Pole, wifi. Haiponi hii."

Wifi alijifuta macho kwa upindo wa mtandio. Akaomba diski ivunjwe, mambo ya mumewe yasije yakaangukia mikononi mwa watu. Mganga alipoichomoa, waya wake ulitoka wenyewe kabla hajauvuta. Hakulitia hilo akilini. Akaipiga nyundo.

Muda si mrefu, mwalimu mmoja akaleta kompyuta yake. Jibu likawa lilelile.

"Jana tu ilikuwa nzima," mwalimu alibisha. "Ifungue nione."

Akaifungua shingo upande. Waya wa diski ulikuwa umelegea. Aliusukuma kwa kidole, na kompyuta ikafunguka. Mwalimu akapiga makofi. Mganga akaukumbuka waya uliotoka wenyewe. Programu yake haikujua kutofautisha diski iliyokufa na diski isiyounganishwa. Kwake, kila kimya kilikuwa kifo.

Kuirekebisha hakukumchukua muda. Kilichomshinda ni kula. Hakuna aliyejua, wala hakuna ambaye angejua, na hilo ndilo lililomtafuna zaidi.

Alimkuta wifi yake uani, akianika nguo.

"Wifi, diski ya kaka huenda ilikuwa nzima. Nadhani ni waya tu uliolegea. Sikuangalia."

Wifi aliendelea kukamua shuka ambalo halikuwa tena na maji.

"Na mimi ndiye niliyesema ivunjwe."

"Ulisema kwa sababu niliiamini mashine, nikakuaminisha na wewe."

"Kukosea, watu hukosea. Lakini alikuwa kaka yako. Hata kwa ajili yake hukufungua?"

Mganga akashika ncha ya pili ya shuka.

"Mtoto yuko ndani," wifi alisema hatimaye. "Mwambie mwenyewe."

Mtoto alimpokea kwa swali: "Shangazi, umeleta sauti ya baba?"

Alipiga magoti, akamweleza yote bila kupunguza. Mtoto alilia, akamsukuma, kisha akalia tena akiwa amemshika nguo. Aliponyamaza, Mganga alijaribu kumsimulia hadithi ya chura na kisima, ambayo yeye na kaka yake walisimuliwa na mama yao. Akakwama katikati.

"Siyo hivyo," mtoto alisema, akivuta kamasi. "Baba alisema chura alikataa."

"Alikataa nini?"

Mtoto akaanza kumweleza. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na beseni mkononi. Hakuingia, wala hakuondoka.