Kioo Juu ya Ufa

Mimi sipendi kuulizwa maswali nikiwa kazini, na mama yangu anapenda kuuliza. Ndiyo maana miezi miwili iliyopita, nilipobandika kipande cha kioo kwa saruji juu ya ufa wa ukuta wake wa chini, nilimkata kauli. "Usikiguse. Kikivunjika, unahama siku hiyo hiyo." Nikaandika tarehe pembeni, nikaenda zangu.

Sisi waashi hivyo ndivyo tunavyoujua ukuta: ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka. Na ukuta ule ndio uliobeba chumba anacholala mama ghorofani, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba kwa mikono yake.

Jana asubuhi nilikikuta kizima, kinang'aa. Nikashusha pumzi. "Umetulia huu," nikamwambia mwenzangu, Chepe. "Tuuchimbe ufa, tujaze." Mirunda ya kuegemeza dari tukaiacha kwenye mkokoteni. Haraka haraka haina baraka, lakini nani anakumbuka methali akiwa na nyundo mkononi?

Kwenye pigo la kumi hivi nikawaona sisimizi. Wamejipanga pembeni ya kioo, wanakula. Saruji gani hii ya kuliwa na sisimizi? Nikakwaruza kwa ukucha. Lahaula! Kioo kimebandikwa kwa uji wa unga!

"Usipige tena!" nikamfokea Chepe. "Lete mirunda!"

Dari ikalia juu yetu, vumbi likanimwagikia machoni.

"Mama! Shuka!"

"Nakunja nguo."

"Achana na nguo!"

Nikasikia kitasa kikizungushwa, mara moja, mara mbili. "Mlango umegoma," akasema.

Fremu imeshabanwa. Miguu ilitaka kupanda ngazi, lakini bila mrunda ukuta ungemshusha mama pamoja na chumba chake. Tukasimamisha wa kwanza, nikagonga kabari. Wa pili. Wa tatu nilijigonga kidole. Ndipo nikapanda mbio na mtaimbo, nikaung'oa mlango, nikambeba mama mgongoni. Alikuwa mwepesi mno.

Ng'ambo ya barabara hasira zikanipanda. "Nani alibadilisha kioo?"

Akatoa kitambaa mfukoni mwa gauni, akakifungua. Vioo vitatu, vyote vimepasuka katikati, kila kimoja na karatasi ya siku kilipobandikwa na siku kilipopasuka. Cha kwanza, changu, kilidumu wiki tano. Cha pili wiki mbili. Cha tatu siku nne. Kile cha ukutani alikibandika juzi.

"Nilikata kioo cha picha ya baba yako," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambieje? Wewe hata salamu unaitikia kwa kufoka. Na nilijua utanihamisha."

Yalinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikavitazama tena vile vioo. Ukuta ulikuwa unakwenda, tena unazidi mwendo, na hakuna zege la kuukamata.

"Utaitengeneza nyumba?" akauliza.

Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza taratibu kila kioo kilisema nini. "Nitaiegemeza mpaka tutoe vyombo. Kuishi humu, basi, mama."

Akainua macho kwenye dirisha lake.

"Nitalala wapi?"

"Kwangu."

"Ukinifokea, narudi humu humu."

"Sikufokei," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya Chepe.