Karatasi Inayokunywa Wino

Kwa miaka kumi na miwili Mwongeli alizungusha mpini wa mashine ya stenseli, ya kutolea nakala, katika ofisi moja ya mjini, na kama kulikuwa na jambo la kujivunia, ni kwamba alijua karatasi. Alizitambua kwa kidole gumba tu. Karatasi nzuri kwake ilikuwa ile nyepesi, yenye manyoyanyoya, inayokunywa wino papo hapo ili ukurasa usimchafue mwenzake. Basi alipopunguzwa kazini mwaka wa tisini na saba, akafungua kibanda cha kupiga chapa mtaani Mbotela, akanunua kompyuta kuukuu, skana na printa ya kurusha wino, hakumwuliza mtu. Aliagiza rimu tatu za karatasi ile ile. Mazoea yana taabu.

Barua za kuomba kazi zilitoka na herufi zilizonenepa kidogo, lakini wateja hawakulalamika. Kisha Jumatano moja alasiri akaja Anyango, mjane wa siku tisa. Mumewe Sylvance, fundi wa reli, alikuwa ameumia vibaya usoni katika ajali iliyomwua, na wazee walikwisha kuamua jeneza lisifunguliwe. Anyango alitaka programu ya mazishi yenye picha ya marehemu juu. Safari ya Siaya, kwao marehemu, ilikuwa kesho yake asubuhi.

"Mama yake hajamwona miaka kumi na mmoja, dada," alisema, akitoa kipicha cha pasipoti. "Uso atakaouona ni huu wa kwenye karatasi tu."

Desturi ya Mwongeli ilikuwa kuchapa ukurasa mmoja safi, kisha kuvuka barabara kuutoa fotokopi. Akachapa. Uso ukatoka kama umepakwa masizi, macho na nyusi vimeshikana. Akapangusa kioo cha skana, akapunguza weusi, akachapa tena, mambo yakawa yale yale. Aliona haya kwelikweli. Ulimi ulikuwa tayari kuisingizia mashine, lakini udadisi ukamzidi nguvu. Alipoinamia ukurasa na kioo cha kukuzia, aliona wino umetambaa kwenye nyuzi za karatasi kama mizizi.

Akamwita Mzee Ndolo, mchonga vinyago wa kibanda cha pili. Mzee akaipapasa karatasi, akaguna.

"Mwanangu, mti unaokunywa rangi hauonyeshi nakshi," alisema. "Huu wako ni mlevi."

Mwongeli alibaki akiitazama rimu yake. Ile sifa aliyoitafuta miaka yote ndiyo iliyokuwa kasoro. Wino wa stenseli ulikuwa mzito wa mafuta, nao huu mwembamba kama chai ya rangi, naye hakuwahi kujiuliza! Sasa akajiuliza kwa pupa. Akajaribu karatasi ya barua za ndege, ikajikunja ndani ya printa. Akajaribu mgongo wa kalenda inayong'aa, wino ukakaa juu, ukakataa kukauka. Akachana hata daftari la mahesabu la binti yake, wala hakuomba ruhusa, nalo likanywa wino vile vile.

Anyango akafungua mkoba. Alitoa barua ya rambirambi kutoka kwa wenzake Sylvance kazini, na nyuma yake ukurasa wa pili ambao haukuandikwa kitu. Mwongeli aliupitishia kidole. Ulikuwa mzito, laini, umeshikamana vizuri, usio na unyoya hata mmoja.

Printa ikasaga meno, ikautema ukurasa polepole. Macho yalikuwa mawili, kila jicho mahali pake. Mwanya ulionekana kwenye meno, na mkunjo wa kicheko shavuni. Mwongeli alifurahi, kisha akajilaumu kwa kufurahi mbele ya mfiwa.

"Hii yenyewe ni ya mama yake," Anyango alisema. "Nakala ni za watu."

Alikuwa ametoka kujipangusa macho. Kidole chake chenye machozi kilipogusa ukosi wa shati pichani, kikaburuta mstari mweusi hadi pembeni. Wote wawili wakauona. Mwongeli akamwondolea ukurasa mkononi taratibu.

"Mpelekee nakala, dada. Ya fotokopi haifutiki. Hii, mama akiidondoshea chozi, uso unaondoka."

Akavuka barabara upesi, akarudi na nakala zikiwa bado na joto. Anyango alichukua ya juu kabisa, akauliza kama ana hakika haifutiki. Mwongeli akamwambia ana hakika.

Ndipo Anyango akaketi kwenye benchi, akaiweka magotini, akalia.